Milingoti ya bondeni Mufindi: ikatwe au ibaki?

Wadau, naleta hoja iliyotugawa kijijini kwetu huku Mufindi. Kwenye mkutano uliopita kuna waliotaka milingoti (mikaratusi) yote iliyo karibu na chemchemi ikatwe. Wengine wakakataa: kila siku tunaambiwa miti inavuta hewa ukaa, sasa tukikata si ndiyo tunazidisha joto?

Mimi nasema ikatwe.

Jani lina vitundu vidogo mno. Hewa ukaa inaingilia humo humo maji yanamotokea. Hakuna mti unaovuta hewa ukaa bure. Unailipia kwa maji, na mlingoti kwa kuwa unakua haraka, unalipa mengi. Ukiwa mgongoni mwa kilima, kiangazi unapata kidogo. Bondeni mizizi inafikia maji yenyewe, unakunywa Oktoba kama Machi. Na joto likipanda nyuzi 1, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7, kwa hiyo siku zisizo na mvua inazidi kunyonya, kwenye jani na kwenye udongo.

Kinyungu cha mama, yaani bustani yake ya bondeni, kipo hapo chini. Zamani ukipiga jembe mwezi wa tisa, shimo linajaa maji kabla hujanyoosha mgongo. Mwaka jana nilichimba hadi magotini, ule udongo mweusi tii ukanivunjikia mkononi kama majivu. Weusi ule ndio ukaa wenyewe: majani na mizizi ya miaka na miaka, ambayo maji yaliizuia isioze. Bonde likikauka hewa inaingia, vijidudu vinaanza kula, ukaa unarudi angani. Basi tumepanda miti ya kuvuta ukaa juu ya ghala la ukaa, na ghala linabomoka.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji. Hilo linajulikana. Gumu ni baba mdogo. Nguzo alizouza zimesomesha watoto watatu. Alisimama akauliza, "Mlingoti ndiyo benki yangu. Mnaifunga kwa ajili ya maji ya nani?" Nilikosa jibu, na swali lake ni la haki. Kijito chetu kinaingia mto Ruaha Mdogo, unapita Iringa mjini, unakutana na Ruaha Mkuu kuelekea bwawa la Mtera. Wanaofaidi ni wengi, anayeambiwa akate ni mmoja.

Kwa hiyo apewe muda avune iliyokomaa, visiki visiachwe vichipue, naye asaidiwe miche apande juu kilimani. Huko misindano (paini) na milingoti sina ugomvi nayo.

Kinachonikwamisha ni nani alipe: kijiji, au watumia maji wa huko chini? Na ninyi wa Njombe na Rungwe mliokwisha kata kwenu, chemchemi zilirudi baada ya muda gani?