Mrejesho: Kaka na wenzake wamepatikana

Wakuu, naleta mrejesho. Niliuliza hapa nifanyeje: mashua ya kaka ilitoka kisiwa cha Songo Songo, Kilwa, kuvua, mashine ikazima, simu hazipatikani. Wako hai wote, alhamdulillah. Mliosema upepo wa kusi utawasukuma kaskazini, upande wa Mafia, mlipatia. Walikwama mwambani karibu na kisiwa cha Jibondo, hukohuko Mafia. Wavuvi wa huko waliwaona wakipunga shati, wakawafuata na ngalawa mbili, maana maji yalikuwa yamekupwa na boti kubwa isingepita. Waliwashusha mmoja mmoja, wimbi linapiga. Kaka midomo imempasuka kwa chumvi, na anachoulizia ni nyavu zake! Mashua wanangoja bamvua, maji yakijaa sana, waivute. Wenyeji wamekataa hela. Angalau tutawanunulia tanga, la ngalawa moja lilichanika.