Tupeane uzoefu: ulimwambia nini daktari wa usingizi kabla ya upasuaji?

Mwanzisha mada
Nimetoa dawa za usingizi kwa miaka 14, na wengi wa wagonjwa walionitoa jasho hawakuhatarishwa na kisu, bali na neno ambalo halikusemwa tulipowahoji kabla ya kuwaingiza chumba cha upasuaji. Kijana mmoja wa ngiri aliapa kwamba hakuwa ametia kitu mdomoni tangu usiku. Nilipomchoma dawa, kabla sijapitisha mpira wa kupumulia, maziwa yakaanza kupanda kooni. Tuliinamisha kitanda upande wa kichwa, tukamgeuza ubavu na kuyavuta kwa mashine, na kwa bahati mapafu yalisalimika. Baadaye alikiri kwamba alikunywa glasi nzima alfajiri, kwa kuwa kwake maziwa si chakula. Kwetu ni chakula, nayo yanahitaji saa 6 kama mlo mwepesi, ilhali maji matupu huruhusiwa hadi saa 2 kabla ya dawa, kwa sababu mtu akishalala nusu kaputi hawezi kukohoa wala kumeza ili kujikinga. Naomba mtueleze yale mliyoulizwa mkayaona hayana maana.

Mchangiaji wa kwanza
Nilijifungua kwa upasuaji nikiwa macho, kwa sindano ya mgongo. Nilikuwa nimeonywa kwamba presha inaweza kushuka, kwa hiyo kichefuchefu kilipoanza na masikio kuvuma nilisema papo hapo, wakaniongezea dawa kwenye mshipa, nikatulia. Kilichonitesa kilikuja kesho yake: kichwa kiliniuma kila nilipoketi na kuniachia nilipolala chali. Nyumbani wakasema ni uchovu wa kunyonyesha, nami nikavumilia siku 3. Niliporudi hospitali niliulizwa swali moja tu, kama maumivu hupungua nikilala, kisha nikaelezwa kwamba maji ya uti wa mgongo yalikuwa yakivuja kwenye tundu la sindano. Walichukua damu yangu mwenyewe mkononi, wakaidunga karibu na tundu hilo, na jioni nilimnyonyesha mwanangu nikiwa nimeketi.

Mchangiaji wa pili
Baba yetu mdogo alipasuliwa kidole tumbo salama, lakini alibaki kwenye mashine ya kupumulia kwa saa kadhaa kwa sababu misuli haikurudi. Tuliambiwa kwamba mwili wake hauwezi kuvunja upesi suksamethoniamu, dawa ya kulegeza misuli ambayo kwa kawaida huisha nguvu ndani ya dakika chache, na kwamba kasoro hiyo hurithiwa. Alipewa barua, barua ikapotea. Mwaka jana dada yangu alipoulizwa kama kuna mtu katika ukoo aliyepata shida na nusu kaputi, alijibu hapana, kwa kuona haya ya kuonekana mwoga. Mimi niliyemshikia mkoba ndiye niliyesema, na dawa ikabadilishwa.

Mwanzisha mada
Hilo ndilo swali ambalo watu hulidhani umbeya. Tunaliuliza pia kwa sababu wapo ambao dawa hiyohiyo, au gesi za usingizi, huwapandisha joto la mwili hadi kutishia uhai, nalo pia hutembea katika ukoo. Mwambie dada yako aandike jina la dawa hiyo mahali anapobeba vitambulisho, maana akiletwa kwa dharura huenda asiweze kuzungumza, nawe usiwe karibu.

Mchangiaji wa pili
Nimemtumia ujumbe sasa hivi. Ameuliza inaandikwaje.