Ladha ya nyanya za uani baada ya masika ya 2024: tatizo ni mbegu au ni mvua?

Mama wa Upenuni (Usa River, Arusha)

Wanabustani wenzangu, salaam. Huu ni msimu wangu wa sita wa kulima nyanya nyuma ya nyumba, na tangu mwanzo nimekuwa na daftari ambamo naandika aina niliyopanda, siku niliyohamisha miche kutoka kitaluni, na maoni ya watu wa nyumbani mara nyanya zinapofika mezani. Kwa miaka mitano daftari limesema jambo lile lile kuhusu ladha. Mwaka huu limesema kinyume, nami naomba mnisaidie kuelewa sababu.

Nilihamisha miche katikati ya Machi 2024. Mnakumbuka hali ilivyokuwa: vuli ya 2023 ilikuwa imekwisha kuilowesha ardhi kupita kiasi kwa sababu ya El Nino, kisha masika ikaja juu yake, na kuanzia Aprili hadi Mei ilikuwa nadra kuyakuta majani yamekauka asubuhi. Bakajani chelewa, ule ugonjwa wa ukungu unaoozesha majani na matunda, iliingia shambani kabla ya kichala cha pili kufunga matunda. Juni mvua ilipopungua, badala ya jua tulipata mawingu na baridi, kama ilivyo desturi ya upande huu wa Meru, na nyanya zikaiva polepole mno.

Nilikuwa na aina nne. Ya kwanza ni Tengeru 97, mbegu ya jirani zetu wa kituo cha utafiti cha Tengeru, ambayo jina lake linabeba mwaka ilipotolewa. Ya pili ni Cal J, ya tatu Money Maker, na ya nne ni vinyanya vidogo vilivyojiotea kando ya shimo la mboji, ambavyo sikuvipanda mimi wala sijui vilitoka wapi. Tulionja tukiwa watu sita, tukikata vipande bila chumvi wala ndimu. Vinyanya vya mbojini viliongoza kwa mbali: vilikuwa na utamu, uchachu na ile harufu inayobaki vidoleni mtu anapogusa majani ya mnyanya. Tengeru 97 ilikuwa ya wastani, nayo ngozi yake ni ngumu kama kawaida. Cal J haikuwa na makuu ikiwa mbichi, ingawa katika mchuzi ilifanya kazi yake. Kilichonisikitisha ni Money Maker, ambayo miaka yote watoto huila shambani kabla haijafika jikoni. Safari hii ilikuwa chapwa, mtu angeweza kudhani anatafuna maji yenye rangi.

Nimeanza kufikiri kwamba mbegu yangu ya Money Maker imechoka, kwa kuwa nimekuwa nikiirudia mwenyewe tangu msimu wa pili. Je, niiache na kushikilia vile vidogo, au nimeihukumu kwa msimu mbaya? Niongeze kwamba matunzo yalikuwa sawa kwa aina zote: mboji ile ile, matandazo yale yale, dawa ya shaba siku zile zile. Money Maker tu, kwa kuwa ni ndefu na huisimika kwa miti, niliipunguza majani kutoka chini hadi usawa wa kifua ili hewa ipite na ukungu usipande.

Mkulima wa Ilula (Iringa)

Dada, pole kwa msimu, na hongera kwa daftari, kwa maana wengi wetu hutegemea kumbukumbu, na kumbukumbu ya ladha hudanganya kuliko zote.

Naona jibu lako limo katika sentensi yako ya mwisho. Umesema matunzo yalikuwa sawa, kisha ukasema kwamba aina moja uliipunguza majani hadi usawa wa kifua. Hapo usawa ulikwisha. Sehemu kubwa ya sukari ya nyanya haitengenezwi na tunda lenyewe. Hutengenezwa na majani yanapopata mwanga, kisha husafirishwa hadi kwenye tunda, ambako tunaionja kama glukosi na fruktosi. Mmea wako ulikuwa na pigo la kwanza la mawingu ya miezi mitatu, pigo la pili la bakajani, na pigo la tatu la mikono yako, na bado ulikuwa na vichala vya kulisha. Kilichobaki kilikuwa maji, ambayo mwaka huu mizizi iliyapata bila kikomo. Hata mbegu iliyo bora isingetoa tunda tamu katika mazingira hayo.

Ndiyo maana pia vile vidogo vilishinda, na hapa nakuomba usiharakishe kuvipa taji. Tunda dogo linahitaji sukari kidogo ili liwe tamu, na mmea wa namna hiyo huwa na majani mengi kwa kila gramu ya tunda. Wanaopima kwa kifaa cha Brix, yaani kipimo cha sukari katika maji ya tunda, wanajua kwamba nyanya za kawaida za bustani huangukia kati ya 4 na 6, ilhali vinyanya vidogo hufika 7 na zaidi. Pengo hilo lipo hata katika mwaka mzuri. Mwaka mbaya hulionyesha wazi zaidi kwa sababu zile kubwa hushuka hadi mahali ambapo ulimi hauoni tena kitu. Yatazame pia mabega ya vinyanya vyako vikiwa bado vichanga. Yakiwa na kijani kilichokoza karibu na kikonyo, vina kitu ambacho aina nyingi za kisasa zimepoteza. Mwaka 2012 watafiti walieleza kwamba wazalishaji wa mbegu, kwa kupenda tunda linaloiva kwa rangi moja kote, walichagua bila kujua kasoro ya jeni inayolifanya tunda changa litengeneze sukari yake kidogo kuliko linavyoweza. Mabega ya kijani, ambayo sokoni huonekana kama dosari, ni sehemu ya utamu.

Kuhusu mbegu kuchoka, sioni sababu ya kuamini hivyo. Nyanya hujichavusha yenyewe kwa kiasi kikubwa, na Money Maker ni aina ya zamani kutoka Uingereza ambayo si chotara, kwa hiyo mbegu unayoirudia hubaki karibu sana na ile uliyoanza nayo. Ingekuwa chotara ya F1, yaani kizazi cha kwanza cha aina mbili zilizochanganywa, ningekuwa na neno jingine.

Bustani ya Kiambu (Kenya)

Hamjambo nyote. Nakubaliana na ndugu wa Ilula kuhusu sukari, lakini sikubali kwamba mama alikosea kuondoa majani. Bakajani chelewa haingoji mtu. Jani lenye madoa yenye unyevunyevu, likiwa na utando mweupe upande wa chini, halilishi tunda tena. Linazalisha vimelea ambavyo katika wiki ya mvua vinaweza kuteketeza shamba zima. Mimi mwaka huo huo niliihurumia mimea yangu ya nje, nikaacha majani, na mwisho sikuwa na nyanya ya kuonja, chapwa wala tamu. Kosa, kama lipo, ni kuondoa majani mazima pamoja na yaliyougua. Mimi sasa huondoa yale yanayogusa udongo na yale yenye madoa tu, na kila kichala kinachokua huhakikisha kimebakiwa na majani yasiyopungua matatu mazima juu yake.

Ningependa kuuliza jambo ambalo halijaguswa: nyanya hizo zilichumwa zikiwa katika hali gani, na zilikaa wapi kabla ya kuonjwa? Kwangu nimekuwa nikilinganisha Cal J ya nje, Money Maker chini ya paa la plastiki na Anna F1 katika banda la jirani, na mara mbili nimewahi kutoa hukumu ambayo baadaye nililazimika kuifuta kwa sababu nyanya moja ilikuwa imepitia friji na nyingine haikupitia. Ladha ya nyanya si utamu na uchachu peke yake. Bila harufu, ambayo hutokana na mchanganyiko wa kemikali nyingi nyepesi, hata nyanya yenye sukari ya kutosha huonekana dufu. Baridi ya friji huzifunga kemikali hizo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba nyanya iliyokaa kwenye nyuzi joto 5 kwa wiki moja haikurejesha harufu yake hata iliporudishwa katika joto la kawaida, kwa sababu baadhi ya jeni zinazotengeneza harufu zilikuwa zimezimwa. Sukari na asidi hazikubadilika sana, kwa hiyo kipimo cha Brix kisingekuambia lolote.

Na wakati wa mvua usingoje nyanya iive kabisa kwenye mmea. Ikianza kubadilika rangi, ile hali ya kuonyesha wekundu kidogo kwenye kitako, ichume uiweke ndani mahali pasipo na baridi, kikonyo kikielekea chini, mbali na jua kali. Kufikia hatua hiyo tunda limekwisha kupokea sehemu kubwa ya kile linachopokea kutoka kwa mmea. Ukiliacha siku nne zaidi katika mvua kubwa, litajaa maji, litapasuka mabegani na kuoza kabla hujalionja. Mimi huona tofauti ndogo sana kati ya nyanya ya namna hii na iliyoivia mtini wakati wa jua, na wakati wa mvua ile ya ndani ndiyo hushinda.

Mwenye Tungule (kusini Unguja)

Assalaam alaykum. Sisi huku nyanya twaziita tungule, na taabu yetu ni kinyume cha yenu: joto, udongo mwembamba juu ya mawe ya matumbawe, na kisima chenye maji ya magadi-chumvi. Nachangia kwa sababu hali yetu inathibitisha upande wa pili wa jambo la maji.

Tungule ninazomwagilia maji ya kisima huwa ndogo kuliko zile za maji ya mvua niliyoyavuna tangini, na kila anayeonja husema za kisima ni tamu zaidi. Si miujiza. Chumvi kidogo katika maji huufanya mmea ushindwe kuvuta maji kwa wingi, na tunda linabaki na vitu vyake bila kuzimuliwa. Lakini simshauri mtu atie chumvi bustanini, maana mavuno hupungua kweli kweli, na tunda huanza kuoza kitako kwa kuwa mmea unaoshindwa kuvuta maji hushindwa pia kupeleka kalsiamu ya kutosha mwisho wa tunda. Nasema haya ili mama wa Usa River aone kwamba maji peke yake, bila kubadili mbegu, yaweza kuifanya aina moja ionekane aina mbili.

Kwa mwenye mvua nyingi, dawa ninayoiona ni tuta lililoinuliwa na paa dogo. Mizizi ikikaa juu ya maji yanayotuama, tunda halinywi kupita kiasi.

Mama wa Upenuni (Usa River, Arusha)

Ndugu zangu, asanteni. Nimechelewa kujibu kwa makusudi, kwa sababu maneno yenu yalinikumbusha kwamba nina miche miwili ya Money Maker niliyoipanda pembeni, chini ya upenu wa jikoni, mahali ambapo mvua haifiki moja kwa moja. Sikuihesabu katika ulinganisho wa kwanza kwa kuwa niliiona kama ya akiba. Ukungu haukuigusa sana, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kuipunguza majani.

Kwa kaka wa Kiambu: friji haikuhusika, lakini ni kweli kwamba nyanya za shambani nilizichuma zikiwa zimeiva kabisa, baadhi zikiwa zimepasuka mabegani, ilhali vile vidogo watoto walivichuma walivyopenda. Hilo nalo sikuliandika daftarini, na lilipaswa kuandikwa.

Jumapili iliyopita tulionja upya. Safari hii nilichuma Money Maker za shambani na za upenuni zikiwa katika rangi moja, pamoja na Tengeru 97, nikaziacha mezani siku tatu, kisha nikakata vipande jikoni na kuvileta katika visahani vyenye alama ambazo mimi tu nilizijua. Watu sita wale wale. Za shambani zilishika mkia tena. Za upenuni watu wanne kati ya sita waliziweka juu ya Tengeru 97, na mama mkwe wangu, ambaye hakujua anaonja nini, alisema hiyo ndiyo nyanya ya mwaka jana.

Kwa hiyo siiachi. Swali langu la mwisho ni la mbegu: je, nichukue kutoka kwa miche ya upenuni, au kutoka kwa ile ya shambani iliyovumilia?

Mkulima wa Ilula (Iringa)

Dada, kwa ladha, mche wa upenuni haukuthibitisha kwamba una damu bora kuliko wa shambani. Umethibitisha tu kwamba ulikaa mahali pazuri. Ukiwa na mche wa shambani ambao ulibaki na majani mengi kuliko wenzake ingawa ulilowa sawa nao, chukua mbegu hapo, hata kama tunda lake lilikuwa chapwa, kwa sababu kilichouokoa huenda kinarithiwa. Chukua pia chache za upenuni, na uziandikie majina tofauti. Kamua mbegu pamoja na ute wake, acha vichachuke siku mbili au tatu katika chombo kilicho kivulini, suuza, anika juu ya sahani wala si juu ya karatasi, maana zitanata. Vinyanya vya mbojini navyo vihifadhi, lakini mwakani vipande mstari mmoja na wenzao, uone kama bado vitaongoza vikiwa mbali na shimo la mboji.