Mjadala: Wito wa mkutano wa kijiji utumwe WhatsApp au kwa meseji ya kawaida?

Mtoa mada (Njombe)
Kamwene wakuu. Serikali ya kijiji chetu imeamua kwamba taarifa zote za mikutano, michango na mbolea zitatolewa kwenye kundi la WhatsApp, kwa sababu ni bure. Napinga, na naomba tujadili bila jazba.

Bure kwa nani? Mtendaji anatuma mara moja, lakini kila anayepokea lazima awe na simu janja na bando. Mama zetu wanaolima viazi huku juu wana vitochi, wanavichaji kwa jirani mwenye sola. Kitochi kinapokea meseji hata salio likiwa sifuri, tena mtandao ukiwa hafifu. Na herufi 160 za meseji moja zinatosha kabisa. Someni hii:

"MKUTANO MKUU WA KIJIJI Jumatano saa 4 asubuhi, ofisi ya kijiji. Ajenda: mapato na matumizi, mbolea ya ruzuku, barabara. Jibu 1 unakuja, 2 huji."

Hapo nafasi bado imebaki. Ila mtendaji akichomeka emoji moja tu, kikomo kinashuka hadi herufi 70 na tangazo hilohilo linakatwa meseji tatu. Twitter yenyewe ilipoanza 2006 ilitegemea meseji za simu. Ndiyo maana chapisho lilikomea herufi 140, nyingine 20 zikaachiwa jina la mtumaji.

Mkutano mkuu wa kijiji si hisani. Kisheria unafanyika angalau kila miezi 3, na mjumbe ni kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea. Ukimwita mtu kwa njia asiyokuwa nayo, hujamwita.

Mchangiaji (Mbozi)
Mkuu, meseji haina mjadala. Kwenye kundi letu mtu aliuliza risiti za mabati ya zahanati, picha ikapandishwa palepale, kila mtu akaikuza na kusoma bei. Kitochi kitafanya hivyo? Halafu kutumia kaya zote hizo meseji, kila tangazo, mfuko wa nani?

Mchangiaji (Rungwe)
Kaka zangu, simu nyingi za nyumbani ni za baba. Akiondoka nayo kwenda kuuza ndizi, mimi nabaki sijui lolote. Kwetu mwenyekiti wa kitongoji anapita nyumba kwa nyumba, na tangazo linasomwa kanisani. Msije mkayafuta hayo.

Mtoa mada (Njombe)
Dada, yasifutwe. Na daftari la namba za kutumia meseji liandike namba ya kila mtu mzima, si ya kaya. Asiye na simu aandikiwe jina la atakayempa habari. Kaka wa Mbozi, risiti zibaki kwenye kundi na nakala ibandikwe kwenye ubao wa ofisi. Ninachotaka kwa meseji ni wito. Bando za wiki huja na meseji ambazo wengi hawazimalizi, kwa hiyo wenyeviti wa vitongoji wagawane majina.

Namba zisichukuliwe kule tulikojisajili kwa mbolea ya ruzuku. Tulizitoa kwa kazi ile, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kijiji kiombe upya, anayetaka aandike.

Mchangiaji (Mufindi)
Naunga mkono meseji. Lakini kwetu orodha kama hiyo iliishia kwa watu wa mikopo, simu zikawa hazipumziki. Kabla sijaandika namba yangu, niambieni: daftari litakaa kwa nani, na akihama kituo analiacha kwa nani?