Ushauri jamani: nionyeshe ya 1934 au ya 1959?

Mama_Nuru: Habari za jioni wanajamvi. Niko Marekani mwaka wa 16 sasa. Kina mama wa Kiafrika huwa tunakutana na watoto wetu kuangalia filamu, na Jumamosi hii zamu ya kuchagua ni yangu. Nimekwama kwenye Imitation of Life, ile ya binti mweusi mwenye ngozi nyeupe anayemkana mama yake. Mwaka 1934 binti aliigizwa na Fredi Washington, mweusi kwelikweli. Mwaka 1959 wakampa Susan Kohner, baba Myahudi, mama Mmeksiko. Nisaidieni, wiki nzima silali.

Bin_Seif: Ya 1934, usijiulize mara mbili. Hollywood ilikuwa na kanuni ya kukataza mapenzi ya mweusi na mweupe kwenye picha. Ndiyo maana kwenye filamu ya Pinky ya 1949 binti mweusi anayependana na mzungu aliigizwa na Jeanne Crain, mzungu mtupu. Na bado mwenye ukumbi mmoja Texas alitiwa hatiani kwa kuionyesha, mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani ilipofuta hukumu 1952.

Tandika_Boy: Mmenikumbusha marehemu bibi. Alikuwa haendi sinema Majestic pale Unguja bila leso mbili, moja ya kichwani na moja ya machozi. Andaa bisi tu dada, mengine yatajileta.

Mwl_Rehema: Dada, filamu hainyimi mtu usingizi wiki nzima. Kuna nini?

Mama_Nuru: Haya. Mwanangu Nuru, baba yake ni mzungu. Ana miaka 13. Mwezi uliopita alisahau chakula, nikampelekea shuleni chapati kwenye hotpoti ndogo. Mwenzake akamuuliza, huyu nani? Akajibu, "Anatusaidia kazi nyumbani." Nikabaki nimeshika hotpoti. Projekta nimeshakodi, na ya 1959 nimeshanunua. Nataka aione akiwa amekaa katikati ya wenzake.

Mwl_Rehema: Kumbe ulishaamua! Usimwanike mtoto mbele za watu.

Mama_Nuru: Simwaniki. Na yeye si alinikana mbele za watu?

Kobe_Mzee: Chai hii. Kwenye filamu hiyohiyo mama anampelekea binti viatu shuleni, theluji inaanguka, binti anatoka mbio. Umetoa viatu ukaweka chapati.

Bin_Seif: Aisee. Na mimi nilishaanza kulia.

Mama_Nuru: Kaka, ningetunga, ningemtunga Nuru akiomba msamaha. Hajaomba. Chapati zilitangulia, filamu ikafuata. Jirani yangu, bibi mweusi wa hapahapa, nilipomsimulia ndiye aliyenitajia jina la filamu hii. Aliiona ilipotoka. Anasema nguo za Lana Turner, nyota mzungu wa filamu hiyo, hazikumbuki hata moja, anakumbuka Mahalia Jackson, yule mwimbaji wa nyimbo za injili, akiimba kwenye mazishi, ukumbi kimya.

Kobe_Mzee: Nisamehe dada. Ila Bin_Seif, ya 1959 usiidharau. Juanita Moore, yule mama, aliteuliwa Oscar. Miaka mingi mwanamke mweusi Hollywood alipewa aproni na sentensi mbili. Huyu naye kavaa aproni, lakini filamu inamfuata hadi kaburini.

Mwl_Rehema: Jumamosi onyesha nyingine. Hii angalieni wawili, sebuleni.

Mama_Nuru: Na hela ya projekta?

Mwl_Rehema: Dada.

Mama_Nuru: Nimegonga mlango wake sasa hivi. Nimemwambia kuna filamu nataka tuione wote. Kauliza ni ya muda gani.