Naomba ushauri: nimweleze vipi Stefan Kretzschmar kwa vijana?

Ndugu wanajamvi, nafundisha mpira wa mikono katika shule ya sekondari, na ninaandaa makala ya ukuta kuhusu Stefan Kretzschmar, winga wa kushoto wa Ujerumani aliyezaliwa Leipzig mwaka 1973. Ninakwama kwenye jambo moja. Wajerumani wengi wasiofuatilia mchezo huu walimfahamu kwa nywele zake za rangi, michoro ya mwilini na vipini usoni, ilhali uwanjani aliichezea SC Magdeburg tangu 1996 hadi 2007, akatwaa nayo Ligi ya Mabingwa ya Ulaya mwaka 2002, na kufunga mabao zaidi ya 800 katika timu ya taifa. Mama yake, Waltraud, alikuwa bingwa wa dunia mara 3 akiwa na Ujerumani Mashariki, wakati yeye aliishia kwenye medali ya fedha ya Olimpiki mwaka 2004, baada ya kufungwa na Kroatia katika fainali.

Je, nianze na mwonekano, ambao bila shaka utawavuta wanafunzi (na pengine kumuudhi mwalimu wa nidhamu), au nianze na familia?