Mjadala: Rosa angejisimulia mwenyewe, kitabu kingezuiwa shuleni?

Mleta mada (Nyegezi): Wadau, naleta hoja nikiwa na upande wangu. Riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971, iliwahi kupigwa marufuku shuleni, eti inaharibu maadili. Mimi namtilia shaka msimulizi. Anatumia nafsi ya tatu, kwa hiyo Rosa anapohama mwanaume hadi mwanaume tunamtazama kwa macho ya majirani. Angesema "mimi", nani angemhukumu upesi hivyo?

Mchangiaji (Nansio): Sikubali, ndugu yangu. Msimulizi huyohuyo ndiye aliyetuingiza nyumbani kwa Zakaria, baba yake Rosa, tukaona ulevi na kile kipigo alichompa Rosa kwa barua ya mvulana. Rosa angejieleza mwenyewe tungesema anajitetea. Amepata shahidi, wewe unamlalamikia!

Mleta mada: Shahidi naye huchagua la kusema. Soma Kichwamaji ya 1974, kalamu ileile. Mhusika mkuu, Kazimoto, anasimulia mwenyewe. Manase, mkuu wa wilaya aliyempa mimba Rukia, dada yake Kazimoto, tunamjua kwa kinywa cha mtu mwenye kisasi naye. Tunamchukia kabla hajafungua mdomo. Na Kazimoto anavyowatendea wanawake? Tunamvumilia, kwa sababu tumeshinda kichwani mwake kitabu kizima. Rosa hakupata fursa hiyo.

Mwalimu (Ilemela): Niongeze la darasani. Wanafunzi huandika "mwandishi anasema" pale panapotakiwa "msimulizi anasema". Kwa Rosa Mistika kosa hilo huku kwetu linakuwa kubwa zaidi: Kezilahabi kazaliwa Namagondo, Ukerewe, na hadithi inaanzia hukohuko. Basi msomaji anaona mtu anaanika ya kwao, na lawama zinamrudia aliyeshika kalamu.

Mchangiaji (Kirumba): Samahani wasomi. Nyumbani kwetu mama alimlaumu Zakaria, baba akamlaumu Rosa. Kitabu kimoja, msimulizi yuleyule. Hapo nafsi ya tatu imefanya nini?

Mleta mada: Imewaachia nafasi ya kuchagua upande, mkuu. Nafsi ya kwanza hainyimi kabisa nafasi hiyo, ila inaibana. Tujaribu: andika upya kile kipigo, Zakaria mwenyewe akisimulia, umpe mama asome.

Mchangiaji (Kirumba): Mama hatamaliza ukurasa.

Mchangiaji (Nansio): Na baba je?